Ule Mkono Mfupi wa Pweza

Nilirudisha funguo Jumatatu iliyopita. Zipo saba, na ile ya kabati la sumu imepinda, kwa hiyo msiilazimishe. Iinueni kidogo ndipo muizungushe. Mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijaanza kusahau. Ya vyeo sitaandika, maana havikuwa vingi, na ya mshahara mnayajua wenyewe. Nitaandika habari za chupa. Miaka yangu yote katika chumba cha sayansi cha shule yetu niliishi na chupa, na kuanzia mtaa wa Chemchem mpaka stesheni ya treni watu waliniita Bwana Chupa, hata wale wasiojua jina nililobatizwa. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Baadaye nikawa naitika.

Siku ya kwanza kazini nilivunja vitu viwili na kumwaga kimoja. Mtunza chumba wakati huo alikuwa Mzee Shomari, mtu wa Bagamoyo, aliyefika huku kwetu akiwa kijana, kwa miguu, nyuma ya mzigo wa baba yake, enzi za misafara. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba bila kuinua macho, akanitazama nikiokota vipande vya kioo, akavuta ugoro wake, akasema, "Haya, umeshavunja. Sasa mkono unaujua uzito wa kioo. Kesho njoo tuanze kazi."

Yeye ndiye aliyenifundisha yote. Kwamba formalini, ile dawa ya kuhifadhia wanyama chupani, hainuswi, hata kwa bahati mbaya. Kwamba mnyama hushikwa kwa kibano, si kwa vidole, na kibano huoshwa kabla ya chai, si baada. Kwamba kizibo kikishakaa, unazungushia nta ya moto pande zote, na nta ikishaganda hufungui tena mpaka mkubwa aseme. Na kwamba lebo huandikwa kwanza, mnyama baadaye. "Chupa isiyo na lebo ni mboga iliyochacha," alikuwa akisema. Siku hizi nawaona mnatia mjusi ndani halafu mnatafuta kalamu. Acheni hiyo tabia.

Kabla ya vita ile ya pili mwalimu wa bailojia alikuwa Mzungu mmoja mwembamba, tuliyemwita Bwana Miwani. Aliandika barua pwani, na baada ya miezi likaja debe kwa treni, limelehemiwa mdomo. Tulipolifungua, Mzee Shomari alicheka peke yake kwa muda mrefu. Ndani mlikuwa na pweza. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona. Niliona mfuko wenye macho na nyuzi nene zimejaa vikombe vidogo vidogo, nikarudi nyuma hatua mbili. Nawaambia kweli, niliogopa.

Tulimtia katika chupa kubwa kuliko zote, nami nikakaa tayari kuandika lebo. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

"Andika: mikono minane," akasema Bwana Miwani.

"Samahani, bwana," akasema Mzee Shomari. "Mikono sita, miguu miwili."

"Kitabu kinasema mikono."

"Kitabu kimemwona wapi akikimbia? Mimi nimemwinda huyu tangu sijaota ndevu. Maji yakitoka, anakimbia juu ya mwamba kwa hii miwili ya nyuma. Ile sita anapapasia, anabebea, anaibia. Kinachokubeba si mguu?"

Bwana Miwani alisema kiumbe kisicho na mfupa hakiwezi kuwa na mguu. Mzee Shomari akamwuliza kama kinaweza kuwa na mkono. Wakaendelea hivyo mpaka kengele ikalia, nami wino unanikaukia. Mwishowe Mzee Shomari alipunga mkono, akasema kwao waliiita minyiri, wakaichemsha, wakala, na hakuna aliyeuliza. Niliandika mikono minane, kwa sababu bwana mkubwa alikuwa yule mwenye miwani.

Kitu kimoja hatukukiandika. Mnyiri mmoja ulikuwa mfupi, kama kidole gumba changu, mwembamba, mweupe kuliko mingine. Ulitokeza upande wa dirishani, ncha yake imegusa kioo. Mingine yote ilikuwa imejikunja na kupishana, kwa hiyo hukuweza kujua huo mfupi ni wa mbele au wa nyuma. Wakati ule hakuna aliyejali.

Sasa niwaeleze habari za Mihayo, maana ndizo zilizonifanya nikubali kuandika.

Mihayo alikuwa mtu wa kijiji cha Kwihara, Mmoravian, msoma Biblia hodari. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha mbao huko porini mpaka msumeno ulipomchukua mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Alipotoka hospitali, shule ilimwajiri kufagia. Alifagia kwa mkono wa kushoto, kipini amekibana kwapani, na niseme haki yake, alifagia vizuri kuliko wote waliomfuata. Alinizidi miaka michache, akanitania tangu siku ya kwanza. "Bwana Chupa, leo umemzika nani ndani ya kioo?" Nami nikimjibu kwamba nafasi yake nimeshamwekea.

Asubuhi moja alisimama mbele ya pweza, ufagio umelala begani. Akasoma lebo kwa sauti. Akahesabu. "Mikono minane. Mbona huu mmoja mfupi?"

Nilikuwa napangusa mizani, hata sikugeuka. "Unaota," nikasema. "Pweza akikatwa mkono, unaota mwingine. Ndivyo walivyo."

Ni kweli, ndivyo walivyo. Bwana Miwani alikuwa amenieleza. Lakini angalieni nilimwambia nani. Kosa langu lote ni hilo, kujibu mtu bila kumtazama. Nilipogeuka, Mihayo alikuwa ameweka ufagio chini, amekishika kigutu chake kwa mkono wa kushoto, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Ijumaa ile alinijia baada ya kazi akaniomba nimpime. Nilicheka. Yeye hakucheka. Basi nikachukua rula ya shaba, nikapima kutoka kwapani mpaka mwisho wa kigutu, nikaandika katika daftari. Ijumaa ya pili nikapima tena. Nilifikiri atachoka. Wiki tano kigutu kilikuwa vilevile, na mimi nikawa namtania, namwuliza pete atavaa kidole gani.

Wiki ya sita kiliongezeka robo inchi.

Nilipima mara tatu. Nikasema rula imeteleza. Wiki ya saba, robo nyingine. Nikabadilisha rula. Nikamwita Mzee Shomari, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu lakini vidole vyake viliona kuliko macho ya wengi. Alipapasa, akaenda kunawa mikono kwa sabuni, tena na tena. "Huenda ni uvimbe," akasema. "Mwambie aende hospitali." Mihayo alikataa katakata. Hospitali ndiko walikomwambia mkono umekwisha, alisema, na ona sasa.

Kuanzia hapo alikizungushia kitambaa cha kaki, mke wake Kalunde akamshonea, na hakukubali kukifungua mbele ya mtu. Nilipima juu ya kitambaa. Kiangazi kilikuwa kimeshika, nyasi zimekauka, chumba kizima kinanuka formalini na vumbi. Siku moja rula ilipogusa mwisho wa kitambaa, nilisikia kitu ndani kikijivuta, polepole, kama konokono anaporudi ndani. Na chini ya kidole changu palikuwa na vinundu. Vitano. Vimepangana kwa safu moja, vifupi vyote, kimoja tu kikubwa kuliko vingine. Nilitoa mkono wangu, nikasema nimemaliza, na sikuandika chochote siku ile.

Nilimtazama yule pweza. Mnyiri mfupi ulikuwa palepale, ncha juu ya kioo. Nilimshukuru Mungu kwamba angalau yeye alikuwa amekufa.

Halafu furaha ya Mihayo ikaisha. Hilo ndilo lililoniuma. Kwa wiki kadhaa alikuwa mtu mpya, anafagia huku akiimba nyimbo za kanisani kwao, anamwambia kila mtu kwamba ikifika mavuno atashika jembe kwa mikono miwili. Ghafla akanyamaza. Akakonda. Aliacha kula pamoja nasi jikoni. Mpishi aliniambia amemwona Mihayo ameketi nyuma ya ghala peke yake, akikitazama kile kitambaa, akilia.

Nilimfuata. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, na uwanja wote kimya. Nikakaa kando yake.

"Kaka Mihayo, kuna nini?"

"Bwana Chupa, nikuulize swali. Unijibu kweli."

"Uliza."

"Mkono unataka nini?"

Sikuelewa. Akaendelea, "Mkono unataka kushika. Hata ulipokwisha kukatwa, miezi yote ile, mimi nilikuwa nikisikia unataka kushika. Kikombe, kipini, mkono wa Kalunde. Hiki kinachokuja hakitaki kushika. Nikikaa chini, kinasukuma ardhi."

Nilitazama. Kitambaa cha kaki kilikuwa kimeshuka kuliko nilivyodhani, na mwisho wake ulikuwa umeegemea mchanga. Mchanga pale ulikuwa umebonyea kidogo.

"Yule mnyama wako," akasema, "Mzee Shomari husema ana mikono na miguu. Wewe umeandika mikono tu. Ule mfupi unaoota ni upi? Ni mkono au mguu? Niambie, maana kitu kinakuja na sijui ni kitu gani. Kama ni mkono, nitavumilia, hata kikiwa kibaya namna gani. Kama ni mguu, unitoke kwapani, mimi nitaishi vipi na watu? Nitaingiaje kanisani? Nimeshanoa panga, Bwana Chupa. Nasubiri jibu lako tu."

Nilimwambia asifanye lolote mpaka tuangalie. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Shomari, nikamwambia kila kitu, panga na yote. Hakunilaumu. Alisema tu, "Wewe ndiye uliyemwambia unaota?" Nikasema ndiye mimi. "Basi tufungue," akasema.

Bwana Miwani alikuwa likizo kwao, na ruhusa hatukuwa nayo. Lakini ruhusa ya kumwacha mtu ajikate tena pia hatukuwa nayo. Kesho yake mchana, wanafunzi wakiwa bwaloni, tulifunga mlango kwa ndani. Mihayo alisimama karibu na mlango, uso ukutani. Alikataa kutazama. Nilikata nta kwa kisu kidogo, nikainua kizibo, harufu ikatupiga machozi. Tulimtoa pweza kwa vibano viwili, tukamlaza kwenye sinia la bati. Alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka.

Hivi ndivyo anavyohesabiwa, kama mtahitaji siku moja. Unamlaza mdomo chini, macho yake yakuelekee wewe, kisha unaanzia katikati ya macho, kulia na kushoto, jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jozi ya nne, iliyo mbali kabisa na macho, ndiyo Mzee Shomari aliyoiita miguu. Aliukunjua kila mnyiri kwa vidole vyake, bila kibano, kinyume cha alivyonifundisha, akihesabu kwa sauti ya chini. Ilikuwa migumu, inajirudi. Ya kwanza, mizima. Ya pili, mizima. Ya tatu. Nikaona midomo yake imeacha kutembea.

Mfupi ulikuwa wa mwisho nyuma. Upande wa kulia.

Alinitazama kwa yale macho yake yenye ukungu. Mihayo kule mlangoni alikuwa ameacha kupumua, nilisikia. Mzee Shomari alininong'oneza, "Sema wewe. Wewe ndiye uliyeanza."

Mimi ni mtu wa lebo. Katika kazi yetu hakuna dhambi kubwa kuliko kuandika kitu kisichokuwa ndani ya chupa. Nilijua hilo vizuri nilipofungua mdomo.

"Mkono," nikasema. "Wa mbele. Wa kulia."

Mihayo aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. Alilia kwa sauti, kisha akaanza kucheka, kisha akalia tena. "Mkono," akawa anasema. "Mkono jamani, mkono." Alikuja akanikumbatia kwa ule wa kushoto. Na chini, kwenye goti langu, kitu ndani ya kitambaa cha kaki kilinikanyaga.

Mzee Shomari alimrudisha mnyama, akaongeza formalini, akayeyusha nta yeye mwenyewe. Safari hii alizungushia mara tatu. Alipomaliza aliniambia nisikubali chupa ile ifunguliwe tena maadamu mimi nina funguo, nami nimetimiza. Ninyi pia naomba mtimize. Atakuja mwalimu kijana kutoka chuo, atatazama lebo, atataka kuhakikisha. Mwambieni nta ni ya zamani na chupa itapasuka.

Baada ya siku ile Mihayo hakuomba kupimwa tena. Panga alilirudisha shambani. Alisema hana haja ya kufungua kitambaa wala kuchungulia, kwa sababu watu wenye elimu wameshaangalia, na kitu cha Mungu kiachwe kikomae. Nyimbo zikarudi. Mimi nilizisikia nikiwa ndani, naosha vyombo. Alipopita barazani nilijaribu kutosikiliza hatua zake. Zilikuwa mbili nzito, na ya tatu nyepesi. Mbili nzito, na ya tatu nyepesi. Nikajiambia ni kipini cha ufagio. Halafu siku moja nikauona ufagio umeegemea mlango wangu, na hatua zinapita.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikumwambia kweli baadaye, alipokuwa ametulia. Niliogopa. Nilimwogopea yeye na lile panga, na nilijiogopea mimi. Kila Ijumaa nilikuwa nikijiapiza kwamba leo nitasema, na kila Ijumaa anaingia anacheka, ananiuliza nimemzika nani, nami namjibu utani wetu uleule.

Mvua zilipoanza akapata homa ya kifua. Alilala wiki moja tu. Barua ya msiba ilifika kwa mkono, na mimi na Mzee Shomari tulitoka alfajiri kwenda Kwihara, lakini njia ilikuwa tope tupu na yule mzee alikuwa ameshachoka na maisha ya kutembea. Tulifika sanduku limekwisha kupigiliwa misumari. Tulisimama nyuma ya waombolezaji. Niliwaona wanaume wanne waliomwandaa marehemu. Wamesimama pembeni pamoja, mbali na watu, hawazungumzi. Mmoja wao alikuwa akisugua viganja vyake kwenye suruali.

Mwezi mmoja baadaye Kalunde alikuja chumba cha sayansi. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Alileta kibuyu cha asali, akakiweka mezani kati ya chupa, akapiga goti kunisalimu. Nikamwinua.

"Shemeji, nimekuja kukushukuru," akasema. "Kabla hujamjibu lile swali lake alikuwa halali. Anakaa kitandani anakishika kigutu. Uliposema ni mkono, akalala. Mpaka mwisho alilala. Ile homa ilipomzidi alikuwa akiniambia, Kalunde, nikipona nitakushika kwa yote miwili."

Nilishindwa kumtazama. Nikamwambia, "Shemeji, kuna jambo nataka kukuambia."

"Usiniambie."

"Nilipotazama siku ile..."

"Usiniambie, shemeji," akasema tena, na safari hii alikuwa ananiangalia machoni, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akavuta ncha ya kanga yake. Kisha akasogea karibu, ingawa hapakuwa na mtu mwingine mle ndani.

"Wale wanaume walipokuwa wakimvika, niliwapa suti yake ya kanisani, na shati jeupe, na soksi zake mpya. Nikakaa nje ya mlango. Walikaa muda mrefu sana, kimya. Halafu mmoja akatoka, hanitazami usoni, akaniomba soksi moja zaidi. Nikampa."